Maji, Chumvi na Asidi Mwilini: Tatizo la Istilahi Zinazokaribiana Mno

Mwanafunzi wa uuguzi nchini Tanzania husoma habari za maji, elektroliti na asidi za mwilini kwa Kiingereza, na mtihani wake huufanya kwa Kiingereza. Kisha huingia wodini akamkuta mama aliyempakata mtoto anayeharisha, naye mama huyo hana budi kuelezwa kila jambo kwa Kiswahili. Hapo ndipo istilahi inapojaribiwa. Kitabuni neno lisilofaa humpotezea msomaji wakati tu. Kando ya kitanda neno hilohilo laweza kumfanya mtu atende kinyume cha lile alilokusudiwa kulitenda.

Makala haya yametokana na karatasi moja iliyoletwa kwetu ili tuitazame lugha yake. Ilikuwa karatasi ya mafunzo kwa wauguzi, iliyotafsiriwa kwa bidii na kwa Kiswahili kizuri, na mfasiri wake alikuwa ameamua kuyatohoa majina yote ya hali za damu. Palipokusudiwa kupungua kwa potasiamu katika damu aliandika 'haipokalemia', na palipokusudiwa kuzidi kwake aliandika 'haipakalemia'. Mpiga chapa, ambaye hatuoni sababu ya kumlaumu, aliyaona maneno mawili yanayofanana, akadhani moja ni kosa la tahajia, akayalinganisha yote yawe 'haipakalemia'. Basi ikatoka sentensi inayoagiza kwamba mgonjwa mwenye potasiamu nyingi katika damu aongezewe potasiamu. Mwalimu mmoja wa uuguzi aliigundua kabla karatasi haijagawiwa. Potasiamu ikizidi sana katika damu huvuruga mapigo ya moyo, na yaweza kuusimamisha kabisa.

Tumeona, kwa hiyo, kwamba haifai kuyajadili maneno haya pasipo kuieleza mada yenyewe, kwa maana mfasiri asiyeujua mwendo wa jambo hawezi kutambua ni neno lipi litakalogeuka mikononi mwake.

Tuanze na maji. Katika mwili wa mwanamume mzima asilimia 60 hivi ya uzito ni maji. Katika mtoto mchanga ni asilimia 75 hivi, na hiyo ni sababu mojawapo ya mtoto kudhoofika upesi anapoharisha. Mtu wa kilo 70 ana maji yapatayo lita 42. Lita 28 hivi zimo ndani ya seli, na 14 zilizobaki ziko nje ya seli. Katika hizo 14, nyingi hukaa katika nafasi zilizo baina ya seli na seli. Ni lita 3 hivi tu zilizomo katika plazima, yaani ile sehemu ya damu iliyo kiowevu.

Sasa neno 'maji' katika usemi wa kila siku hubeba maana tatu: maji ya kunywa, majimaji yaliyomo mwilini, na yale yaliyomo katika chupa ya dripu. Jamaa wa mgonjwa husema, "Ametundikiwa maji," na wauguzi wenyewe husema hivyo. Lakini chupa mbili zinazofanana kwa sura huweza kuwa na vitu vyenye kazi mbalimbali kabisa. Maji ya chumvi ya asilimia 0.9 yana gramu 9 za chumvi katika kila lita, nayo hubaki kwa sehemu kubwa nje ya seli. Maji ya glukosi ya asilimia 5 yana gramu 50 za glukosi katika lita. Sukari hiyo hutumiwa na mwili, na kinachosalia ni maji matupu, ambayo huenea kote, hata ndani ya seli. Akipewa kwa wingi mtu ambaye sodiamu ya damu yake imekwisha kushuka, seli za ubongo huvimba. Basi kuandika katika maelekezo kwamba mgonjwa "aongezewe maji" ni kusema nusu ya jambo. Sisi twapendekeza 'maji' libaki kwa maji yenyewe, 'majimaji ya mwili' litumike kwa yale yaliyomo mwilini pamoja na vyote vilivyoyeyuka ndani yake, na kila maji ya dripu yatajwe kwa jina lake na asilimia yake. Waandishi wengine wametumia 'ugiligili' kwa maana hiyo ya pili. Hatulikatai katika vitabu. Ila mama wa mtoto hatalijua, wala hana haja ya kulijua.

Neno 'chumvi' lina taabu ya namna hiyohiyo, tena kubwa zaidi. Elektroliti ni kitu ambacho kikiyeyuka katika maji hugawanyika kuwa ayoni, yaani chembe zenye chaji ya umeme. Zilizo kuu mwilini ni sodiamu, potasiamu, kalisi, magnesi, kloridi, bikaboneti na fosfeti. Aghalabu wafasiri huziita zote 'chumvi', na mkemia hatashangaa, kwani katika elimu yake chumvi ni jina la jamii nzima ya viambato. Nyumbani, lakini, chumvi ni ile ya mezani. Ukimwambia mtu kwamba mtoto wake "amepungukiwa chumvi" atakwenda jikoni, naye atazidisha. Mtoto aliyepewa chumvi nyingi bila kipimo hupatwa na ziada ya sodiamu katika damu, na maji hutoka katika seli za ubongo wake. Kwa sababu hiyo twaona afadhali kutohoa: 'elektroliti' ni neno refu, lakini halina maana ya pili inayolivizia.

Jinsi chumvi inavyoyavuta maji hakuna haja ya kuitafutia mfano mbali. Kila aliyewahi kutengeneza kachumbari ameona kwamba vitunguu vilivyokatwa na kunyunyiziwa chumvi hutoa maji mengi baada ya muda mfupi. Maji hutoka upande uliokolea kidogo, hupita katika utando wa seli, huenda upande uliokolea zaidi. Huo ndio mwendo wa osmosisi. Neno 'ukolezi', litokanalo na kukolea, limefaa sana hapa, na linye kuzalisha bila taabu: maji yenye ukolezi sawa na wa damu, yenye ukolezi hafifu, yenye ukolezi mzito. Kinyume cha kukoleza tunacho pia, nacho ni 'kuzimua', neno ambalo vijana wengi wa mijini wameanza kulisahau. Tutalirudia.

Katika tiba ya kuharisha maneno haya yote hukutana. Mwaka 1832 daktari Thomas Latta wa Leith, Uskoti, aliwatia wagonjwa wa kipindupindu maji ya chumvi katika mishipa, na baadhi yao waliokaribia kufa wakainuka. Lakini sindano na chupa safi hazipatikani kila mahali. Mwaka 1971, wakati wa vita vilivyozaa Bangladesh, Dilip Mahalanabis alitumia maji ya kunywa yenye chumvi na glukosi katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon, India, na vifo vya kipindupindu vikapungua sana. Siri yake ni kwamba ukuta wa utumbo huipokea sodiamu ikiongozana na glukosi, hata katikati ya kuharisha. Sodiamu ikiingia, maji huifuata. Ndiyo kusema sukari iliyomo katika pakiti ya ORS haikuwekwa kwa ajili ya utamu, wala kwa ajili ya nguvu. Mfasiri akiandika kwamba sukari ni "ya kumpa mtoto nguvu", mama mwenye huruma ataongeza vijiko viwili, na sukari iliyozidi itayavuta maji yaingie utumbo, mtoto azidi kuharisha.

Pakiti ya sasa, ambayo Shirika la Afya Duniani liliikubali mwaka 2002, ina katika lita moja gramu 2.6 za kloridi ya sodiamu, gramu 13.5 za glukosi, gramu 1.5 za kloridi ya potasiamu na gramu 2.9 za sitreti ya sodiamu. Ile ya zamani ilikuwa na gramu 3.5 za kloridi ya sodiamu na gramu 20 za glukosi. Wafasiri wanaonakili kutoka vitabu vya kale waangalie jambo hili. Pakiti inapokosekana hutumika kijiko: lita moja ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari, na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. 'Kilichosawazishwa' nalo si neno la kupitiwa haraka. Kijiko cha lundo chaweza kubeba karibu maradufu. Yafaa kuandika wazi: "kijiko kilichofutwa juu kwa mgongo wa kisu". Na maji hayo, yakionjwa, yasiwe na chumvi kuzidi machozi; hapo mama ana kipimo asichohitaji kukinunua.

Ama kuhusu yale majina yaliyoleta mkasa tuliousimulia. Kigiriki kina 'hyper', maana yake juu au kupita kiasi, na 'hypo', maana yake chini. Katika maandishi ya Kiingereza hutofautiana kwa herufi chache, na hata wenye lugha hiyo huyakosea. Tukiyatohoa huwa 'haipa' na 'haipo', yakabaki kutofautiana kwa irabu moja tu, tena irabu iliyo katikati ya neno refu, mahali ambapo sikio halisimami. Juu ya hayo, 'haipo' katika Kiswahili ni neno kamili. Msikilizaji akiambiwa 'haiponatremia' husikia kwamba natiri haipo, ilhali haikukosekana, imeshuka tu. Na akiambiwa 'haipokalemia' husikia kitu fulani kikali ambacho hakipo! Tuliwahi kufikiri kwamba sadfa hii yaweza kumsaidia mwanafunzi kukumbuka. Tuliacha fikira hiyo; msaada unaomfaa mmoja na kumpoteza mwingine si msaada.

Pendekezo letu ni 'upungufu' na 'ziada': upungufu wa potasiamu katika damu, ziada ya potasiamu katika damu. Ni marefu, nasi tumekwisha kulaumiwa kwa urefu huo. Lakini maneno hayo mawili hayana hata silabi moja inayofanana, na hata simu ikikwaruza, au mwandiko ukiwa mbaya kama wa madaktari tunaowafahamu, moja haligeuki kuwa jingine. Katika damu potasiamu ya kawaida ni milimoli 3.5 hadi 5.0 kwa lita. Masafa hayo ni mafinyu mno kuyakabidhi kwa irabu.

Yapo masharti, hata hivyo, na maneno 'katika damu' yasiachwe. Sodiamu ya damu, ambayo kwa kawaida ni milimoli 135 hadi 145 kwa lita, huweza kushuka bila mwili kupoteza chumvi hata chembe, endapo maji yamezidi. Hapo sodiamu imezimuliwa, kama mchuzi ulioongezwa maji. Mgonjwa wa namna hiyo mara nyingi hutakiwa apunguziwe maji, siyo alishwe chumvi. Mfasiri akiandika 'upungufu wa sodiamu mwilini' amekwisha kutoa hukumu ambayo daktari bado hajaitoa.

Kichwa cha somo lenyewe kimetafsiriwa kwa njia nyingi: usawa, uwiano, mlingano, mizani. 'Usawa' hatulipendi hapa, kwa kuwa mwili hauishi kwa usawa. Nje ya seli sodiamu ni milimoli 140 hivi kwa lita, na ndani ni kumi na kitu. Potasiamu ni kinyume chake, 4 hivi nje, na ndani 140 au zaidi. Seli hutumia nguvu nyingi usiku na mchana kuilinda tofauti hiyo, na siku zitakapokuwa sawa mwenye mwili amekufa. 'Uwiano' nalo ni la hesabu ya kugawanya kitu kwa kitu. Twachagua 'urari', neno la watunza hesabu, ambalo watumishi wa serikali wanalijua katika urari wa malipo. Muuguzi anapojaza ile karatasi ya saa 24 hufanya kazi ya mhasibu hasa: upande mmoja yaliyoingia kwa kinywa, kwa dripu, kwa mpira wa puani, upande wa pili mkojo, matapishi, choo, yaliyovuja kidondani. Mtu mzima mwenye afya hupokea na kutoa lita mbili hadi mbili na nusu kwa siku. Sehemu ya yanayotoka, karibu nusu lita hadi lita moja, hupita katika ngozi na pumzi bila kuonekana. Hayo tumeyaita 'maji yapoteayo bila kuhisika', na homa ikipanda nayo huongezeka.

Tumebakiza asidi, na humu ndimo masikio yanamotudanganya zaidi. Wengi wetu tulifundishwa 'tindikali' shuleni, na kinyume chake tukafundishwa 'alkali'. Maneno mawili yaliyo kinyume, yote yakimalizika kwa 'kali'! Alkali limetoka katika Kiarabu, jina la majivu ya mimea ya maeneo ya chumvi, na halina uhusiano wowote na ukali wa Kiswahili. Kutoka asili hiyohiyo wanakemia walipata 'kalium', jina la Kilatini la potasiamu, ambalo ndilo linaloipa alama ya K. Kama vile Na ya sodiamu ilivyotoka katika 'natrium', ndugu wa jina la Ziwa Natron letu la kaskazini. Mwalimu akisema damu ya mgonjwa "imekuwa kali" hakuna ajuaye amekusudia upande gani. Twashauri 'asidi' na 'besi', na kwa mfano wa nyumbani, ndimu na magadi. Kila mpishi anajua kwamba magadi si ndimu.

'Uchachu wa damu', ambalo limependekezwa mara kadhaa, halifai kwa sababu nyingine. Damu haichachi. pH yake ya kawaida ni 7.35 hadi 7.45, yaani imeegemea kidogo upande wa besi, na mgonjwa aliye mahututi mwenye pH ya 7.1 damu yake ingali upande wa besi. Kilichotokea ni kwamba imeelemea kuelekea asidi kupita mpaka wake. Hivyo tumependekeza 'mwelemeo wa asidi' na 'mwelemeo wa besi' kwa maelezo, huku 'asidosisi' na 'alkalosisi' yakikubaliwa kama istilahi za wataalamu. Hapa kutohoa hakuna hatari, maana mianzo ya maneno hayo imeachana vya kutosha.

Hatari iko katika namba. Kipimo cha pH huenda kinyumenyume: namba ikishuka, asidi imepanda. Tumekutana na sentensi kama "asidi ya damu imeshuka hadi 7.1", iliyoandikwa na mtu anayejua Kiingereza vizuri sana. Ni pH iliyoshuka, asidi imeongezeka. Tena haikuongezeka kidogo, kwa kuwa kutoka 7.4 hadi 7.1 ayoni za hidrojeni huwa maradufu. Kanuni yetu ni fupi: asidi huongezeka au hupungua, pH hupanda au hushuka, na vitenzi hivyo visibadilishane.

Mwili huulinda mpaka huo kwa njia tatu. Kwanza ni bafa zilizomo katika damu, bikaboneti ikiwa ya mbele, ambazo huipokea asidi papo hapo. Pili ni mapafu, yatoayo hewa ukaa, ambayo katika maji huwa asidi. Kazi yao huonekana katika dakika chache. Tatu ni figo, ambazo huchukua saa nyingi hadi siku kadhaa. Mtoto aliyeharisha sana hupoteza bikaboneti katika choo, damu yake huelemea asidi, naye huanza kuhema kwa kina na kwa haraka ili aitoe hewa ukaa. Kuhema huko mama hudhani ni kichomi, na pengine hata mganga mgeni wa kazi hudhani hivyo. Kwa Kiswahili mapafu 'hufidia', na hatujui neno lililokubali kazi mpya kwa utii kama hili. Alipaye fidia hakulifuta kosa, na mwili ufidiao haujapona: pH yaweza kusomeka karibu na kawaida hali bikaboneti imekwisha nusu. Wanafunzi hulielewa jambo hili kwa Kiswahili upesi kuliko tulivyotazamia.

Yapo ambayo hatujayamaliza. Kipimo cha jumla ya chembe zilizoyeyuka katika kilo moja ya maji bado hakina jina linaloturidhisha, na 'pengo la anioni' limo katika rasimu yetu likingoja kupingwa. Tungependa pia kupata kutoka kwa wasomaji wa Mombasa, Unguja, Pemba, Lubumbashi na kwingineko maneno wayatumiayo akina mama kwa utosi wa mtoto uliobonyea, kwa macho yaliyoingia ndani, kwa ngozi iliyofinywa ikakawia kurudi, na kwa kule kuhema tulikokutaja. Yaandikwe kama yanavyosemwa, pamoja na jina la mahali.